Kuku wa Kishingo

Katika vijiji vya Mbeya na Iringa kuku wa kienyeji ni wa namna nyingi. Mmoja ni kuku wa kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya. Ukiwatazama kuku hao kwa makini utaona kuwa wako wa aina mbili. Wengine shingo zao ni tupu karibu zote. Wengine wana kishungi cha manyoya upande wa mbele, chini ya shingo. Tofauti hiyo yatoka wapi?

Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno katika Ulaya, alipanda njegere bustanini kwa miaka mingi, na mwaka 1866 akachapisha aliyoyaona. Alionyesha kwamba urithi huja kwa jozi: fungu moja kwa baba na moja kwa mama. Siku hizi fungu hilo huitwa jeni. Alipozalisha njegere ndefu na fupi, watoto wote walikuwa warefu. Jeni ya urefu ilitawala, ile ya ufupi ikafichika.

Lakini si kila jeni hutawala kabisa. Tuseme jogoo wa kishingo asiye na kishungi amewekwa pamoja na mitetea wenye manyoya kamili. Kila kifaranga atapokea jeni moja ya shingo tupu na moja ya manyoya. Hakuna itakayoishinda nyingine kabisa, na vifaranga wote watakuwa na kishungi. Wako katikati.

Je, jeni hizo zimechanganyika kama chai na maziwa, zisitengane tena? Hasha! Vifaranga hao wakikua na kuzaana, katika kila wanne hutazamiwa mmoja mwenye shingo tupu, wawili wenye kishungi, na mmoja mwenye manyoya kamili kama bibi yake. Hesabu hiyo huonekana vema ukihesabu vifaranga wengi.

Jambo kama hili limo katika damu ya watu pia. Iko jeni ambayo huzifanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu. Mtoto akiipokea kwa baba na kwa mama pia, huugua selimundu: damu hupungua, na mifupa humwuma sana. Akiipokea kwa mzazi mmoja tu, yu katikati. Kwa kawaida ni mzima. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu wa katikati hupata kinga kwa malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo imedumu katika nchi zenye malaria nyingi. Nayo malaria huzidi penye joto, kama Kyela kando ya Ziwa Nyasa, kuliko penye baridi, kama Mufindi.

Basi wazazi wawili wazima, kila mmoja akiwa na jeni moja ya namna hiyo, waweza kumzaa mtoto mgonjwa. Kwa kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne. Wasiojua husema mama ana mkosi, au jirani amemroga mtoto, na nyumba huvunjika. Huo ni udhalimu. Baba na mama wametoa sawasawa, wala hakuna aliyechagua. Mtoto na apelekwe hospitali mapema, maana dawa za kumsaidia zipo.

Maswali

1. Kuku mwenye kishungi shingoni amepokea jeni zipi?
2. Jogoo na mtetea wote wana kishungi. Watazamie vifaranga wa namna gani?
3. Mtu akisema mama peke yake ndiye aliyemletea mtoto selimundu, utamjibuje?