Mwalimu na Mipaka ya Maneno Yake

Katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika, mzazi alibisha hodi usiku kwa mwalimu wa darasa la sita. Mkononi alishika jogoo.

«Mwalimu, mtihani wa taifa umekaribia. Umtazame mtoto wangu.»

Mwalimu alimpa kiti barazani, akamjibu kwa heshima: «Baba, rudi na jogoo wako. Kesho asubuhi njoo shuleni, tufungue daftari la mtoto pamoja.»

Mzazi alirudi na uchungu, akidhani amedharauliwa. Kumbe mwalimu alimlinda yeye na mwanawe, kwa maana alama iliyonunuliwa haimfundishi mtoto hesabu.

Mwalimu mwema hushika mipaka mitatu.

Kwanza, mahali. Mambo ya shule husemwa shuleni, mlango ukiwa wazi. Mwanafunzi asiitwe peke yake nyumbani kwa mwalimu, hata kwa kuchota maji. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 humhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18, nayo yaagiza alindwe.

Pili, saa. Siku hizi simu imefika vijijini. Mwalimu asimwandikie mwanafunzi kwa siri. Habari ipitie kwa wazazi, tena mchana. Ugonjwa na hatari havingoji asubuhi, mengine yangoje.

Tatu, mali. Kwa miaka mingi wazazi wa Kongo walilipa sehemu ya mshahara wa walimu, hata wengine wakazoea kumtazama mwalimu kama mtu wa kulipwa mkononi. Lakini Katiba ya 2006 yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya bure, na mwaka 2019 serikali ilianza kuitimiza amri hiyo. Basi zawadi ya kuomba alama ni rushwa, ingawa ni jogoo tu.

Asubuhi mzazi alifika. Daftari lilionyesha kwamba mtoto asoma vizuri, ila hesabu za mafungu zamshinda, kwa sababu kila jioni huchunga mbuzi mpaka giza. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Mbuzi nitawarudisha mimi.»

Maulizo

1. Kwa nini mwalimu alimkataa jogoo, asimkatae mzazi?
2. Habari ya mwanafunzi yafaa ipitie kwa nani?
3. Mzazi alipata nini shuleni ambacho jogoo asingaliweza kukinunua?