Kabla ya Kununua Boti ya Injini Iliyotumika

Boti iliyopakwa rangi mpya hupendeza ikiwa majini, iwe mwalo wa Mwigobero mjini Musoma au ufukwe wa Bunda. Tunamshauri mnunuzi asilipe kabla haijavutwa nchi kavu na kukaguliwa na fundi aliyemchagua mwenyewe. Rangi huficha mengi. Fundi achome mbao kwa ncha ya kisu, hasa kwenye mkuku, maungio na tezi inapofungwa injini. Ncha ikizama kwa urahisi, mbao imeoza, na kalafati mpya haitaiponya.

Injini iwashwe ikiwa baridi, kwani iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha ugumu wa kuwaka. Maji ya kupoza yatoke mfululizo. Namba yake ilingane na hati za umiliki. Wizi wa injini si jambo geni Ziwa Victoria.

Fundi hachukui nafasi ya TASAC, shirika linalokagua na kusajili vyombo vidogo. Somea tarehe ya cheti na idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Baada ya watu kufa maji Mchigondo, wilayani Bunda, Julai 2023, umuhimu wa idadi hiyo hauhitaji maelezo. Cheti kikiwa kimekwisha muda, ahirisha malipo, hata muuzaji akiwa ndugu.