Chavua za Mimea Jamii ya Kunde na Suala la Istilahi

Mara nyingi mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na matini ya botania huliandika neno chavua na kusonga mbele, akidhani kazi imekwisha. Kwa mimea mingi neno hilo latosha. Kwa jamii ya kunde halitoshi, kwa kuwa jamii hii, yenye takribani spishi 19,500, hutoa chavua kwa namna zisizoweza kubebwa na jina moja.

Kunde na maharagwe hutoa chembe zilizoachana, kila moja peke yake. Hata hivyo, chini ya hadubini ukuta wa chembe ya kunde huonekana kama wavu wenye macho mapana, ilhali ule wa maharagwe una wavu mwembamba. Tofauti hii ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotumiwa na wanabotania kutenga jenasi Vigna na Phaseolus. Mkwaju nao una michirizi badala ya wavu.

Kifaurongo huenda njia nyingine. Chembe zake hushikamana nne-nne, na kundi zima lina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Katika kaliandra, inayopandwa kwa lishe ya mifugo, chembe 8 huungana katika umbo la tone lenye ncha inayonata, na katika migunga mingi huungana 16. Faida yake ni dhahiri. Nyuki akiangusha kundi moja tu kwenye ua, chembe zilizomo zaweza kutosha kurutubisha ovuli zote za ua hilo, na ganda likajaa mbegu.

Kundi hilo liitwe nani? Kichala huashiria matunda yaning'iniayo kwenye kikonyo, na hapa hakuna kikonyo. Kifurushi hudokeza mkono uliofunga. Neno kibumba lafaa zaidi: bumba ni kitu kilichoshikamana, na isitoshe ndilo neno la kundi la nyuki, wabebaji wenyewe wa chavua! Hivyo kibumba cha chembe 8 kitatofautishwa na cha 16 bila kuunda neno jipya kwa kila idadi.

Suala hili si la madoido. Mwaka 2005, katika kongamano la botania la Vienna, jina Acacia liliachiwa miti ya Australia, uamuzi uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011. Miti ya Afrika ikahamishiwa Vachellia na Senegalia. Miongoni mwa ushahidi wa kuitenga jenasi hizo mbili ni chavua: chembe za Vachellia zina mifereji yenye matundu, za Senegalia zina matundu pekee. Mwiba nao hushuhudia, kwani Vachellia ina miiba iliyonyooka na Senegalia ina miiba ya kulabu. Yafurahisha kuwa Kiswahili kina mgunga na kikwata, na kwamba kikwata, mti wa kulabu, umo katika Senegalia, ingawa mpaka wa majina haya haufuatwi kila mahali. Mfasiri anayeandika mgunga kwa yote mawili hufuta tofauti ambayo lugha yake tayari inayo, na msomaji wa kitabu chake hatajua ni miti ipi iliyohamishiwa wapi.