PUMZI INAPOKUWA FUPI

Kwihara ni mahali pa safari. Misafara ya zamani kutoka pwani ilipumzika hapa, na mwaka 1872 Dakta Livingstone alikaa hapa miezi kadhaa akingoja wapagazi wapya. Lakini wapo wenzetu ambao safari ya kisimani tu inawashinda. Wanatembea kidogo, wanasimama, wanahema.

Baadhi yao huambiwa wamelogwa. Wengine huitwa wavivu. Mara nyingi si uchawi wala uvivu. Ni mapafu yaliyoharibika taratibu kwa miaka mingi. Sigara huyaharibu. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huyaharibu pia, ndiyo maana akina mama wasiovuta sigara huugua. Anayechochea moto wa bani la tumbaku naye huvuta moshi mwingi. Hata kifua kikuu kilichopona huweza kuacha makovu.

Mgonjwa hudhani hewa haiingii. Kumbe shida kubwa ni kwamba hewa haitoki. Vijia vidogo vya hewa vimekuwa vyembamba na vilegevu. Akitoa pumzi kwa nguvu, vinajifunga, na hewa iliyotumika inabaki ndani. Debe lililojaa maji machafu haliwezi kutiwa maji safi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, jifunze kwanza kutoa pumzi.

Kaa, legeza mabega. Funga mdomo, vuta hewa kwa pua polepole huku ukihesabu moja, mbili. Kisha kunja midomo kama mtu anayepoza uji wa moto. Toa hewa polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Usisukume kwa nguvu. Midomo iliyokunjwa huzuia hewa kidogo, na kule ndani vile vijia hubaki wazi. Fanya hivyo kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku, wakati hujabanwa, ili ukibanwa uwe umezoea. Ukisikia kizunguzungu, acha, upumzike.

Zoezi hili litumie kazini. Ukitembea, vuta hewa kwa hatua mbili, toa kwa hatua nne. Ukitaka kuinua ndoo, vuta hewa kwanza, kisha inua huku ukitoa pumzi. Watu wengi hubana pumzi wanapoinua mzigo, na hapo ndipo huzidiwa. Ukibanwa shambani, simama, inama kidogo mbele, egemea mpini wa jembe kwa mikono miwili, kunja midomo, toa hewa. Hakuna aibu kupumzika katikati ya tuta.

Mazoezi haya hayaponyi mapafu. Hupunguza kuhema na kumwezesha mtu kufanya kazi zake. Dawa ulizopewa usiziache. Sigara iache kabisa, na jiko litobolewe dirisha.

Mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi asianze na mazoezi. Aende zahanati apimwe makohozi, kwa sababu huenda ni kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure. Mgonjwa akikohoa damu, akivimba miguu, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, msingoje asubuhi. Mpelekeni zahanati, au hospitali ya Kitete mjini Tabora, akiwa ameketi. Msimlaze chali.