Mume Wangu Anaumwa Mlimani, Mimi Mzima

*Daktari, mimi na mume wangu tunazunguka Amerika Kusini, mabegi mgongoni. Tulipotua Cusco kutoka Lima aliumwa kichwa, akatapika, hakulala. Mimi sikuhisi kitu, na mwanamichezo ni yeye! Wiki ijayo tunakwenda La Paz. Tuahirishe?*
*Mama K., Arusha*

Mama K., mumeo si dhaifu. Mmeruka kutoka pwani hadi mita 3,400 kwa muda mfupi, na huko juu kila pumzi ina oksijeni pungufu. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea, na mazoezi hayasaidii hapo. Waulizeni wapagazi wa Kilimanjaro wamewashusha vijana wangapi wenye misuli.

Safari iendelee, ila apone kabisa kwanza. Akiwa bado na maumivu, asipande hata kidogo: La Paz iko karibu mita 3,600, na uwanja wake wa ndege, El Alto, unazidi 4,000. Apumzike, anywe maji, aache pombe, paracetamol inaruhusiwa. Ipo dawa ya kinga, asetazolamaidi, lakini amwone daktari kwanza, hasa kama ana mzio wa salfa.

Akipepesuka, akichanganyikiwa au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, mshushe mara moja na umpeleke hospitali. Usisubiri kukuche.