Ethiopia Yaifungia Mlango Motokaa ya Petroli

Mwezi wa Januari 2024 Waziri wa Uchukuzi wa Ethiopia, Bwana Alemu Sime, aliliambia Bunge la nchi yake neno lililowashangaza wengi: motokaa isiyokwenda kwa umeme haitaingizwa tena nchini. Hapakuwa na serikali nyingine duniani iliyokwisha kupiga marufuku ya namna hiyo.

Mbona nchi isiyo tajiri iwatangulie matajiri? Tazameni ramani. Tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993 Ethiopia haina pwani, wala haina visima vya kuipatia mafuta. Petroli hununuliwa ng'ambo kwa dola, hushushwa bandarini Djibouti, kisha hupandishwa milimani kwa malori ambayo nayo hunywa mafuta njia nzima. Na dola ni adimu. Lakini maji ya kuporomoka yamejaa tele. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme wa nchi hutoka mitoni. Bwawa kubwa la mto Abbay, yaani Nile ya Buluu, lilianzwa mwaka 2011, wananchi wakichanga kwa kununua hati za mkopo, likafunguliwa rasmi Septemba 2025. Mitambo yake imepimwa kutoa megawati 5,150.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, ile inayozidisha joto la dunia. Mwanafunzi mwangalifu atauliza: lita hiyo haina uzito wa kilo moja, hizo mbili na zaidi zimetoka wapi? Zimetoka hewani. Kaboni iliyomo ndani ya petroli hushikana na oksijeni ya hewa, na kila gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni. Uzito mwingi, basi, si wa petroli. Tena injini ya petroli ni mharibifu: katika mafuta ya shilingi 100, ya shilingi kama 20 au 25 tu ndiyo yanayozungusha magurudumu, mengine hupotea kuwa joto. Mota ya umeme hutumia vizuri kama sehemu nne katika tano za nguvu inayopewa. Lakini umeme wenyewe ukitokana na makaa ya mawe, moshi haukuondoka, umehamia kwenye bomba jingine. Ndiyo sababu habari ya mito ni kubwa kuliko habari ya motokaa.

Serikali haikutumia marufuku peke yake. Motokaa ya umeme iliyokamilika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 15, iliyounganishwa nusu asilimia 5, na ile inayokuja vipande vitupu haitozwi, ili viwanda vya kuunganisha vipate kazi. Kabla ya hayo, mwaka 2015, Addis Ababa ilipata treni ya mjini iendayo kwa umeme, na tangu 2018 treni ya umeme husafirisha watu na mizigo kati ya mji huo na Djibouti, kadiri ya kilomita 750. Ilirithi kazi ya reli ya zamani ya Wafaransa, iliyofika Addis Ababa mwaka 1917.

Shida zipo, tusizifiche. Mahali pa kuchaji betri ni pachache, hasa nje ya mji mkuu. Fundi aliyezoea kabureta hajui betri, na vipuri huchelewa. Kuna na jambo zito zaidi: vijijini watu wengi hawajapata hata taa moja. Je, ni haki gari la mwenye mali kushibishwa umeme naye mtoto wa shule asome kwa kibatari? Mimi naona lawama hiyo ina nguvu, ingawa dola zinazookolewa kwenye petroli zingeweza kununua nguzo na nyaya. Kama zitanunua, hilo ni la watawala wao kuonyesha.

Malori makubwa ya njia ya Djibouti bado hunywa dizeli, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Jaribuni hesabu hii: lori linatumia lita 40 kwa kila kilomita 100, na lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Litatoa kilo ngapi kwa safari ya kilomita 750?