Plasta yenye jina la mtu mwingine

Swali: Ndugu yangu aliyeko Marekani kila plasta huiita Band-Aid, hata ikiwa ya kampuni nyingine. Wenye jina hawafurahii kutangazwa bure?

Jibu: Hufurahi kwa hofu. Earle Dickson, mfanyakazi wa Johnson & Johnson, alibuni plasta hiyo mwaka 1920 kwa ajili ya mkewe, Josephine, aliyekuwa akijikata na kujiunguza mara kwa mara jikoni. Alibandika vipande vya shashi kwenye utepe wa gundi, na mwaka uliofuata ikaingia sokoni.

Jina likaenea mno, na hapo ndipo penye hatari. Kwa sheria za Marekani, alama ya biashara ikigeuka jina la kitu chenyewe, mwenyewe anaweza kuipoteza. Kampuni ya Bayer iliipoteza "aspirin" huko mwaka 1921. Mwaka 1963 ikawa zamu ya "thermos", hiyo hiyo themosi yetu ya chai. (Watu walisifu, mahakama ikahukumu!) Band-Aid imenusurika: mpaka leo ni alama iliyosajiliwa, na tangu 2023 iko mikononi mwa kampuni ya Kenvue.

Ndugu yako aendelee kusema atakavyo. Sheria hiyo inawabana wafanyabiashara washindani, si mtu aliyejikata kidole.